Fulana Yenye Mfuko Kifuani

Bwenini, 4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na yale mafua ya mwezi wa kwanza yamekuacha. Sisi nyumbani hatujambo. Baba bado yuko barabarani na lori lake, akirudi hata nyusi zake zina vumbi. Mama amehamishia cherehani yake barazani kufuata mwanga. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa wageni wakija anacheka kafunga mdomo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Klabu yetu ya wapanda milima itapanda mlima mkubwa likizo ya mwezi wa nane. Ni ule wenye barafu, ambao ukiutazama asubuhi kutoka dirisha la bweni unaona kama mtu ameumwagia unga. Shangazi, nimo kwenye kikosi. Nimekosea, nilikuwamo. Mkuu wa shule alipofika kwenye jina langu alivua miwani akasema, "Huyu si ndiye wa sindano?" Wenzangu wakainamisha vichwa kana kwamba nimefiwa.

Mama naye amekataa. Ameniambia, "Miaka sita nakulinda na jua wewe na dawa zako, leo nikupeleke kwenye barafu?" Muuguzi wa kliniki, yeye hakukataa. Amesema kuugua sukari hakunizuii kupanda, ila niwe mtu wa kupima na kusema kweli. Mwalimu wa jiografia, anayetuongoza, ameniombea nafasi moja: niende mazoezi ya mwezi wa tano kwenye mlima mdogo, ambako nyasi huamka nyeupe kwa baridi. Nikilala huko na kurudi salama, mkuu atanifikiria upya.

Wewe unafanya kazi ndani ya baridi kila siku. Naomba unifundishe ilivyo. Na naomba useme na Mama. Wewe ni wifi yake na anakusikiliza kuliko anavyokubali.

Ni mimi, somo wako, niliyepewa jina lako na miguu yako mirefu.


Ghalani, 29 Machi

Somo yangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako imechakaa kama imekuja kwa miguu, lakini imefika. Mafua yameniacha, nilibaki na uchovu tu, na uchovu ndio mshahara wa mtu mzima. Msalimie wifi yangu. Mwambie mdogo wako acheke tu, mimi meno yangu yote yamo na hakuna anayelipa kuyatazama.

Habari yangu kubwa: tangu mwezi uliopita mimi ni msimamizi wa chumba cha kugandishia samaki. Wanaume kumi na moja na mimi. Siku ya kwanza mmoja alisema, "Mama, humu ndani baridi haina heshima." Nikamjibu, "Basi tutaelewana, na mimi siku hizi sina." Ndevu zao zikiganda wote wanakuwa wazee, wakitoka nje wanarudi ujana. Mimi sina ndevu, kwa hiyo nabaki mrembo pande zote mbili za mlango.

Umetaka nikufundishe baridi. Mlango ukifungwa nyuma yako, pua inabanana yenyewe. Hiyo ni salamu tu. Kwanza inachukua vidole, halafu inachukua akili, na ikishachukua akili hutajua kama kuna kitu kimechukuliwa. Ndiyo maana humu hatuingii mmoja mmoja. Usivae nguo moja nene, vaa nyembamba nyingi. Soksi zikilowa badilisha hapo hapo, hata kama wenzako wanakusubiri wamenuna. Na wewe mwenye sukari, vidole vya miguu uvitazame kila jioni kama mama anavyomkagua mtoto mchanga.

Kwa mama yako nimeandika. Sikumbembeleza. Nimemuuliza kama anataka kumlea binti au kumhifadhi.

Kuna jambo dogo. Hapa kazini nina mwenzangu mmoja, naye ameambiwa mwaka huu ana sukari. Amepewa vidonge. Hataki mtu ajue, maana anaogopa watamtoa chumbani na kumpa kiti ofisini. Anauliza: ukiwa ndani ya baridi unatetemeka, utajuaje kama ni baridi au ni sukari imeshuka? Nikasema nina mtu wa kumuuliza.

Shangazi yako.


Bwenini, 18 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera sana! Nimewasomea bweni zima habari ya ndevu. Mama amekubali niende mazoezi. Hakusema kwamba amekubali, alinipa tu jozi tatu za soksi za sufu alizofuma mwenyewe na akaendelea kushona. Simu yake iliangukia kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo usishangae ukimkosa. Baba amepata tairi jipya na anafurahi kama amepata mtoto.

Nimefurahi kwamba mwenzako ameuliza. Nimemuuliza muuguzi ili nisimdanganye. Jibu ni kwamba huwezi kujua kwa kutetemeka. Baridi inakutetemesha na sukari ikishuka inakutetemesha. Lakini baridi haikutoi jasho. Baridi haikufanyi uone njaa ya ghafla, wala kumkasirikia mtu bila sababu, wala kurudia maneno. Kwa hiyo ukiwa na shaka, pima. Kama huna cha kupimia, kula kitu kitamu kwanza, maswali baadaye. Halafu subiri robo saa, upime tena. Mwambie pia asimeze vidonge halafu akaacha kula kwa sababu ya kazi. Kubeba mizigo nako kunashusha sukari, tena kwa saa nyingi baadaye.

Na mwambie, kwa heshima, kwamba kuficha ni hatari kuliko ugonjwa. Mimi nimemfundisha rafiki yangu tutakayelala naye hema moja. Ni mrefu hadi tunamwita Ngazi. Nikianza kucheka ovyo, yeye anajua anipe glukosi, hata nikimwambia sitaki. Amefanya mazoezi ya kunilazimisha na nadhani anayapenda mno.

Tunaondoka tarehe tisa mwezi wa tano. Nimeshapanga kila kitu. Nilikuwa na wasiwasi juu ya insulini, maana unajua hapa umeme unakatika na ninaiweka kwenye kopo ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa maji, kama Mama alivyonifundisha. Mtungi siwezi kuupandisha mlimani. Lakini nimegundua kwamba sihitaji! Nitaiweka mfuko wa nje wa begi, na usiku mlangoni mwa hema. Baridi yote ile itakuwa mtungi wangu. Mama amefurahi kwamba mara hii haitapata joto.

Somo wako.


Ghalani, 6 Mei

Somo yangu,

Barua yako imenifikia leo, tarehe sita. Salamu zote nimezipata, nisamehe siandiki nyingi.

USIIWEKE NJE. Nimepiga simu ya mama yako, haipatikani, ndoo imeimeza. Nimepiga ofisi ya shule, inaita mpaka inachoka. Sasa naandika hii na dereva wa gari la samaki atapita nayo njia yenu, labda itakuwahi.

Mtoto, ubaridi wa mtungi na ubaridi wa barafu si ndugu. Humu ndani kijana mmoja alisahau dawa yake ya macho kwenye jaketi lililotundikwa. Iliganda. Ikayeyuka, ikaonekana safi kama ilivyokuwa, na mfamasia akamwambia aitupe. Insulini nayo ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka. Chini huko adui yake ni joto, juu huko rafiki yake ni joto lako wewe. Ivae mwilini. Lala nayo. Hata kipimo chako kikiganda kitakataa kusoma, kitie kwapani kwanza. Mwambie na huyo Ngazi abebe ya akiba mwilini mwake. Mwambie na huyo Ngazi abebe

Nimesimama kidogo. Feni inazunguka lakini jasho linanitoka, na mkono umekuwa mzito. Hata kijana aliyeniletea chai nimemfokea na hajakosa kitu. Nitamalizia kesho.

Kesho yake. Nimeamka vizuri. Dereva anapiga honi. Nenda salama, somo yangu, nenda na urudi.

Shangazi yako.


Bwenini, 20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima, na mdogo wangu ameota jino moja, limekaa upande kama mlango uliolegea bawaba. Barua yako ilifika tarehe kumi na nne. Kumbe gari la samaki liliharibika njiani.

Kwa hiyo nakueleza mambo yalivyokuwa. Siku ya kwanza nilipanda vizuri sana. Nilipima, nikala, nikapunguza dozi kama muuguzi alivyoniandikia, na Ngazi alinichosha kwa kuniuliza kama naona njaa. Jioni nikaiweka insulini mlangoni mwa hema, nikalala kwa raha. Asubuhi nilipoishika chupa ilikuwa ngumu na ndani mna sindano ndogo ndogo za barafu.

Ngazi akasema, "Iweke kwapani, itayeyuka."

Iliyeyuka. Ikawa safi kabisa, Shangazi, huwezi kujua. Nilikaa na ile chupa mkononi, na juu kilele cha mlima mdogo kinaonekana karibu hadi unataka kukigusa. Ya akiba niliiacha kambini chini, kwa mlinzi wa lango. Nilijua nikisema, nimekwisha. Nikinyamaza, huenda ningefika juu na kurudi bila mtu kujua. Sikuwa nimesoma barua yako, lakini muuguzi alinifundisha kitu kimoja: dawa usiyoiamini usiiingize mwilini.

Nikaenda kwa mwalimu wa jiografia, alikuwa anafunga kamba za viatu. Nikamwambia, "Mwalimu, dawa yangu imeganda. Nateremka." Aliniangalia, akafunga kamba zake taratibu, akasema, "Twende." Tukateremka mimi na yeye na Ngazi, ambaye alikataa kuniacha na alinuna njia nzima, kwa ajili yangu, si juu yangu. Sukari ilikuwa imepanda hadi kumi na saba nilipoifikia chupa nzima. Jioni ilikuwa imetulia. Mimi ndiye ambaye sikutulia. Nililia nikiwa nimejifunika soksi za Mama usoni.

Mkuu wa shule aliita kikao. Akasema, "Mnaona? Mazoezi tu, na ameshindwa." Mwalimu wa jiografia akasimama. "Mkuu," akasema, "mimi nimepandisha watu milima miaka mingi. Wa kupanda ni wengi. Aliyegeuka mwenyewe, kilele kikiwa kinamwita, bila kusukumwa na mtu, nimempata mmoja. Nikimwacha huyu, sijui nimchukue nani." Mkuu akavaa miwani yake, akaivua tena. Amesema nifundishe kikosi kizima namna ya kunisaidia, yeye akae kiti cha mbele asikilize, halafu ataamua. Nafundisha Ijumaa ijayo.

Sasa naomba nikuulize, na usinikasirikie. Barua yako ya mwisho ilikuwa na sentensi moja uliyoiandika mara mbili. Na mwandiko wako, ambao huwa umenyooka kama reli, ulianza kuteremka ukurasa. Shangazi, siku ile ulikuwa umekula?

Na mwenzako anaendeleaje?

Somo wako.


Ghalani, 15 Juni

Somo yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika kwenye "Nateremka" nikakaa chini. Halafu nikawasomea vijana wangu. Yule wa baridi haina heshima alisema, "Huyo mtoto aje atusimamie sisi." Nikamwambia nafasi imeshajaa, asubiri nistaafu.

Sina watoto, unajua. Watu huniuliza kama inaniuma. Mwezi huu akiniuliza mtu, nitamwambia nina jina langu linatembea milimani.

Kwenye kifurushi utakuta fulana. Nimeishona kwa kitambaa cha ndani cha jaketi langu la kwanza la chumbani, lile lililonipa joto miaka yote. Ina mfuko mmoja kifuani upande wa ndani, wa insulini, na kifungo ili usiipoteze. Mfuko wa ubavuni ni wa kipimo. Wa chini ni wa pipi laini. Usibebe zile ngumu, kwenye baridi zitakuvunja jino na utafanana na mdogo wako. Maji yako yatie kwenye chupa ya chai yakiwa vuguvugu, ama utabeba jiwe. Fulana hiyo usiivue hata ukilala.

Uliniuliza kama nilikuwa nimekula. Kazi zilikuwa nyingi siku ile. Mwenzangu hajambo. Msalimie Ngazi, mwambie aendelee kununa.

Shangazi yako.


Nyumbani, 2 Septemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba yupo, Mama yupo, wamekaa hapa barazani na wanajifanya hawatazami ninachoandika. Mdogo wangu meno yametimia na sasa anacheka hata kusipokuwa na cha kuchekesha.

Shangazi, nimefika.

Mkuu aliniruhusu baada ya lile somo la Ijumaa. Aliuliza maswali kuliko wanafunzi na mwisho akataka apimwe yeye. Nilimtoboa kidole, akafumba macho.

Siku ya kilele tuliondoka alfajiri, kukiwa kumeanza kupambazuka. Upepo ulikuwa unakata. Kope za Ngazi ziliganda na nikakumbuka wazee wako wenye ndevu. Tulikuwa tumevuka mawe makubwa, theluji imeanza, nilipoona kwamba natetemeka. Nikajisemea ni baridi. Kila mtu alikuwa anatetemeka. Halafu Ngazi akaniuliza jambo, nikamjibu kwa ukali, nikamwambia ni mrefu bure na anazuia njia.

Ngazi hakukasirika. Alisimama. "Haya," akasema, "huyo si wewe. Kaa."

"Sikai."

"Utakaa au nikukalie?"

Nilikaa. Nilitoa kipimo kwenye mfuko wa ubavuni, kilikuwa na joto langu na kiliwaka mara moja. Vidole ndivyo vilivyokataa kutoa damu. Mwalimu wa jiografia alivua glavu zake akavishika mikononi mwake, akivipulizia, hadi tone likatoka. Tatu nukta mbili. Nilikuwa natokwa jasho mgongoni, na nilikuwa sijui. Nikatafuna pipi zako laini. Tukakaa kikosi kizima, tumebanana kama kuku, mgongo kwa upepo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama tutachelewa. Nilisubiri robo saa, nikapima. Sita nukta moja. Nikala na mkate.

Mwalimu akasema, "Uamuzi ni wako. Mara ile uliamua vizuri."

Nilijichunguza kwa makini, kama nakagua mtu mwingine. Kichwa hakikuuma, macho yalikuwa safi, miguu yangu niliisikia yote mpaka vidoleni. Nikasema, "Mara hii tunapanda."

Juu hakuna kitu, Shangazi. Kuna mawe, theluji, na kibao. Lakini chini yote ilikuwa imelala mbele yetu, na shule yetu haikuonekana, wala mtungi wangu, wala ile miwani ya mkuu. Kabla ya picha nilifungua vifungo, nikatoa chupa kifuani, nikaitikisa mbele ya jua. Ilikuwa maji. Ngazi alipiga ukelele mkubwa kuliko tulipofika. Kwenye picha wenzangu wameshika kibao, mimi nimeshika chupa.

Mama ameitundika picha ile juu ya cherehani, na nakala yako nimeitia humu. Wateja wakija kuchukua nguo hawaondoki mpaka waelezwe habari zake, na kila siku mlima unazidi kuwa mrefu.

Nina zawadi ya mwenzako. Ni fulana kama yangu, nimeishona mwenyewe kwa cherehani ya Mama, ina mfuko wa kipimo na mfuko wa pipi. Sikuwa na vipimo vyake. Nimetumia vyako, vile Mama alivyoviandika ulipokuja kushonewa gauni. Ikimbana au ikimpwaya, mwambie anisamehe. Na umwambie kwamba mimi nilimwambia Ngazi, na Ngazi ndiye aliyenifikisha juu.

Nakupenda sana, Shangazi. Ule chakula cha mchana.

Somo wako.


Ghalani, 27 Septemba

Somo yangu, mpanda milima,

Marahaba, na wote hapo barazani nawasalimu. Wifi, najua unasoma begani kwake, habari za siku nyingi?

Fulana ilifika Jumatatu. Niliiweka mezani siku mbili bila kuigusa. Jumatano kabla ya zamu niliwaita vijana wote kumi na mmoja mlangoni, tukiwa bado kwenye joto. Nikafungua jaketi nikawaonyesha mifuko. Nikawaambia huu una kipimo, huu una pipi, na mkinisikia nafokea mtu asiyekosa, msinijibu, nipeni huu wa pipi. Walisogea kuitazama. Halafu yule wa baridi haina heshima akasema, "Mama, wewe kila siku unatufokea. Pipi zitatosha?"

Tulicheka hadi mlinzi akaja.

Kisha nikapanda kwa meneja nikamwambia na yeye. Nilishajiandaa kupewa kiti. Ameniuliza kama nahitaji muda wa kula katikati ya zamu, nikasema ndiyo. Basi. Miezi yote ile nilikuwa nabeba jibu ambalo hakuna aliyelitaka.

Leo nimepima kabla ya kuingia. Saba nukta nne. Nimekula, tena nimeketi. Picha yako nimeibandika ndani ya mlango wa chumba, mahali ambapo mtu anayetoka kwenye baridi anaiona kwanza.

Uliuliza kama fulana inambana au inampwaya. Haimbani, haimpwayi.

Imenienea.

Shangazi yako, mwenye jina lako.